Kuku wa Kuniaga

Kuku aliyepaswa kuniaga alikufa kwa kideri wiki chache kabla barua ya shule haijafika. Hakufa peke yake. Banda zima liliinamisha vichwa kwa siku tatu, na siku ya nne mama akafukia manyoya nyuma ya choo.

Kwetu, upande wa Tunduru, kuku haliwi ovyo. Ni wa mgeni, ni wa maulidi, ni wa mtu anayeondoka. Tangu nikiwa darasa la tano mama aliniahidi: siku ukichaguliwa sekondari, utakula kuku. Nilichaguliwa, shule ya bweni ya wasichana, Songea, na banda lilikuwa tupu.

"Basi utamla huko huko Songea," mama alisema. "Kuku ni kuku."

Baba alibaki shambani kwenye palizi. Mama alimbeba mdogo wetu wa mwisho mgongoni, akamshika mkono mdogo wangu wa miaka mitano, na mimi nikabeba tranka langu la bati. Ilikuwa Januari. Basi lilizama kwenye matope tukalala humo, na kesho yake karibu na adhuhuri tukashuka Songea, magoti yetu mekundu kwa udongo, tumeshindia korosho na kiporo cha muhogo tangu jana yake.

Ilikuwa miaka ile maduka yalipoanza kujaa tena. Sabuni ilirudi, mitumba ikamwagwa chini kama mavuno, na kila mwenye sebule na sufuria alifungua hoteli. Mama aliangalia vibao vyote vile, macho yamemtoka, na akaanza kuchagua. Hakutaka pahali penye pombe. Alitaka maji ya kunawa, na benchi ambalo mtoto akilia hakuna atakayegeuka. Zaidi ya yote, alitaka kujua nani amemchinja kuku. Nyama ya ng'ombe haikumpa hofu, kwani machinjioni kila mtu alijua nani hushika kisu. Lakini kuku huchinjwa uani, na yeyote, hata na mtoto. Mama hakuwahi kumla kuku ambaye hakusomewa bismillahi, na hangewalisha wanawe.

Hoteli ya kwanza ilikuwa na makreti ya bia hadi mlangoni. Mwanamume mmoja akatupungia chupa. "Karibu mama mkwe! Watoto tutawapa soda!"

"Kampe mama yako," mama alijibu, hakusimama.

Ya pili ilikuwa tulivu. Mama alisimama kizingitini, na kwa sauti ile ile anayoitia watu shambani akauliza, "Hodi wenyewe! Hapa kuku anachinjwa na nani?"

Vijiko vilinyamaza. Kisha kijana mmoja kwenye meza ya pembeni akasema, "Hapa tunachinja wote, mama, ni kuwahi tu kisu!" Wakaangua kicheko. Mwingine akaongeza, "Na kitimoto ipo, nguruwe wa leo, ukipenda!"

Mama aliwatazama. "Ahsanteni," akasema, akageuka. Hakukasirika, wala hakuona haya. Aibu yote niliichukua mimi. Niliona khanga yake ilivyopauka, niliona matope kwenye visigino vyake, nilisikia Kiyao kikipita ndani ya Kiswahili chake kama kokoto ndani ya mchele. Nilikuwa na miaka kumi na minne, na kwa mara ya kwanza maishani nikatamani kutembea hatua kumi mbele yake.

Hoteli ya tatu ilikuwa karibu na soko, ina mapazia ya buluu. Kabla mama hajafika mlangoni nikasema, "Ngoja, mama. Nikaulize mimi."

Alifurahi. "Nenda. Wewe una Kiswahili cha shule, watakusikiliza."

Nikaingia. Ndani kulikuwa na baba mmoja mwenye shati la mikono mirefu, anakula na binti wa umri wangu. Chini ya meza yao kulikuwa na tranka, jipya, lina rangi ya kijani, na juu yake, kwa herufi nyeupe zilizonyooka, jina la shule yangu. Binti aliinua macho. Alinitazama kwanza miguuni.

"Karibu, mdogo wangu," mhudumu akasema. "Tukusaidie nini?"

Swali lilikuwa mdomoni. Maneno matano tu. Nilisikia kicheko cha hoteli ile nyingine kikisubiri nyuma yake, nikaona binti yule akilipeleka bwenini kabla sijatandika kitanda. Nikauliza, "Kuna maji ya kunawa?"

"Yapo. Tena ya moto."

Nikatoka. Mama alikuwa ng'ambo ya barabara, anamtikisa mtoto mgongoni.

"Wamesemaje?"

"Anachinja Mwislamu," nikasema.

"Alhamdulillahi," mama akasema, akavuka barabara.

Aliagiza kuku mzima wa mchuzi, wali na chipsi, akaomba vyote viwekwe kwenye sinia moja. Mhudumu alitafuta, akaleta trei ya kubebea chai. Tuliinamia pamoja kama nyumbani. Mdogo wangu akanyanyua chipsi moja, akaigeuza. "Mama, huu muhogo umekonda." Hata yule baba wa shati refu alicheka, na mama akacheka naye. Alisema bismillahi kwa sauti, akawagawia watoto nyama. Nilikula wali. Nilichovya mchuzi pembeni, mahali ambapo haukugusa mfupa. Uongo niliumeza vizuri, kuku akanishinda.

Kisha mama akaipata firigisi.

Nyumbani firigisi ni ya baba. Hakuna mtoto anayeigusa, hata mama haigusi. Aliitoa kwenye mchuzi kwa vidole vyake, akaiweka mbele yangu.

"Leo wewe ndiye mkubwa," akasema. "Kula, uende ukasome."

Alikuwa ananitazama. Mdogo wangu alinitazama kwa wivu. Niliiweka mdomoni, nikaisukuma shavuni, nikainuka nikisema nakwenda kunawa.

Nyuma ya hoteli kulikuwa na pipa la maji na lundo la majivu ya kusugulia sufuria. Nikaitema pale. Paka wa jikoni aliidaka kabla haijatulia, akapotea nayo chini ya kuni.

"Imekushinda?"

Mpishi alikuwa amekaa kwenye kigoda, anamenya viazi. Mama mtu mzima, rozari shingoni.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Haikuiva?"

Ndipo swali likatoka, kwa sauti ndogo kuliko zote. "Mama, kuku wenu anachinjwa na nani?"

Aliweka kisu chini. "Unaliuliza baada ya kula? Hilo huulizwa mlangoni." Akaonyesha kwa kidevu ng'ambo ya ua. "Mzee Mwislamu wa duka la mafuta ya taa, pale. Kila alfajiri namfuata na kuku wangu miguu juu. Nikichinja mwenyewe na rozari hii, nani atakula? Nusu ya wateja wangu wanashuka na mabasi ya kwenu. Tangu asubuhi wewe ni wa ngapi, sijui."

Kwa hiyo walikula halali, mama na wadogo zangu, na namshukuru Mungu kwa hilo hadi leo. Lakini mimi sikujua nilipowaambia. Nilimwacha mama awalishe wanawe kwa neno langu, na neno langu halikuwa na kitu ndani. Uongo wangu uligeuka kweli bila msaada wangu, na mtu pekee ambaye hakumla kuku wa kuniaga alikuwa mimi.

Nilirudi mezani. Baba na binti walikuwa wameondoka na tranka lao. Nililala bweni moja na binti huyo miaka minne, na hakuwahi kukumbuka kwamba aliniona siku ile.

Mama alikuwa anamfuta mtoto mdomo. "Ilikuwaje firigisi?" akauliza.

"Tamu," nikasema.

Siku hizi naandika riwaya, kazi inayoniruhusu kutunga, na mama husimulia kwa majirani kwamba mwanawe ni mkweli kupita kiasi, ndiyo maana anaandika. Akija kunitembelea na wajukuu, tukitafuta mahali pa kula, husimama ng'ambo ya barabara na watoto. "Nenda wewe ukaulize," huniambia. "Wewe nakuamini." Naingia, nasimama kizingitini, nauliza kwa sauti hadi vijiko vinanyamaza. Kisha namrudishia jibu kama nilivyopewa, na bado siwezi kumtazama machoni.