Kinini ya Mutu Mwingine

Tarehe 30, mwezi wa kumi na moja. Mvua ilinyesha mbele ya jua kutoka, ikaacha, ziwa likabaki jeusi.

Kesho uvuvi unafungwa. Boti za wauza samaki ndizo zinatupelekea dawa kwenye kisiwa cha Chisenga, na leo ilikuwa safari yao ya mwisho. Mama yangu anaishi kule kisiwani na ugonjwa wa damu kupanda, ile presha, na kinini zake, zile dawa za kumeza kila siku, zilikwisha. Nilienda hospitali. Nesi akasema, "Haiko, baba. Gari ya dawa haijafika." Sikumukasirikia. Gari si yake.

Nyuma yangu kwenye mustari kulikuwa mama mumoja wa kambi ya Mantapala, mwenye ugonjwa ule ule. Alifungua fundo la kitenge, akatoa paketi yake, akaipasua katikati. Kwetu dawa tunagawa vile tunagawa chumvi. Kukataa ni kumutukana mutu.

"Beba, mwana yangu. Ule mama yako anitumie samaki ya mafuta. Hapana mifupa, unasikia?"

"Atakutumia ile kubwa, mama."

Nilicheka, nikakimbia kuwapa watu wa boti ile nusu wamupelekee mama.

Muchana gari ikafika. Nilirudia kwa nesi, nikamuelezea vile tuligawa. Akafungua kitabu chake cha wagonjwa, akasoma.

"Ya ule mama ni ya nguvu. Ya mama yako ni ndogo. Asimeze nzima."

Tulipiga simu mpaka ikaingia.

"Nilikwisha kumeza," mama akasema. "Niko muzuri. Ni kichwa tu inazunguka nikisimama."

Nesi akachukua simu, akamwambia alale, asimeze ingine, na jirani abakie naye.

Sijui kama ninasema vizuri, lakini yule mama alitoa kwa roho nzuri. Nesi naye hakutudanganya. Maandiko kwenye paketi niliyaona na sikuyasoma. Pengine ningesoma singeelewa. Lakini ningeuliza, nesi alikuwa pale pale. Sasa kinini za kweli za mama, zile nesi alinipa, niko nazo mukononi na boti imekwenda. Na yule wa Mantapala alirudia kwake na nusu ya paketi, mbele ya gari kufika.

Magaribi jirani ya mama alipiga simu: amekunywa uji, analala, anapumua vizuri. Atabakia naye mpaka asubuhi.

Tulikula bukari, ugali wetu, na chisense, wale samaki wadogo wa kukausha. Muke yangu alisahau chumvi, ama aliacha kwa kusudi. Hakuna mutu aliiomba.