Mzinga wa Baba Mdogo

Laiti ningemwambia Kioko "hapana" Jumapili ile. Wazo hilo lilinirudia juzi hapa nyumbani, karibu na Matiliku, niliposikia mvumo wa nyuki ukitoka kwenye simu ya mjukuu wangu Mwende. Alikuwa akicheza gemu ya shamba. Aligusa mzinga, asali yote ikatoka, na kabla sijamaliza chai mzinga ulikuwa umejaa tena.

"Na hicho chuma je?" nilimwuliza, maana kwenye gemu hiyo alikuwa pia akichimba chuma, kidogo kidogo, kwa uchoyo.

"Hicho kikiisha kimeisha, Babu. Lakini asali hata usiihurumie, inarudi yenyewe."

Binamu yangu Kioko aliniambia karibu maneno hayo hayo nikiwa na miaka kumi.

Baba mdogo Nzioka alikuwa na mzinga wa gogo juu ya mgunga, mbali na boma, umechongwa alama ya ukoo wetu. Ni mimi peke yangu aliyenionyesha mahali pake. Tena alikuwa akinichongea mzinga mdogo wa kwangu; ulibaki kutiwa alama tu. Alipovuna, alikata masega ya mbele, ya nyuma akayaacha. "Asali ni ya mtu," alisema, "watoto ni wa nyuki. Mwachie watoto wake, atarudi kazini."

Kioko alinibembeleza wiki nzima. "Unaogopa nini, bwana? Nyuki si watajaza tena!"

Basi watu wakiwa kanisani, nikampeleka. Yeye alijifunika leso ya mama yake kuanzia kichwani mpaka magotini, akabaki chini. Mimi nikapanda na mwenge wa nyasi. Jua lilikuwa la utosini na nyuki wakali. Kila nilipoteremsha sega, alisema, "Lete lingine!" Nikafikia yale ya nyuma, yaliyojaa watoto, na mkono wangu haukusimama. Harufu ya nta iliyoungua naisikia hadi leo. Nyuki waliponivamia nilianguka, na nilipoinuka Kioko hakuwepo.

Alikuwa amekimbilia kanisani, amekaa benchi la nyuma, akiimba wimbo wa mwisho kuwashinda wazee. Mimi nilifika nyumbani jicho moja limefumba, midomo imeumuka kama maandazi.

"Ulikuwa na nani?" Baba mdogo aliuliza.

"Na Kioko."

"Mimi? Muulizeni mama, nilikuwa kanisani!" Kioko akanigeukia. "Ndugu yangu, nyuki wamekuchoma mpaka akili?"

Watu walicheka. Baba mdogo hakucheka, wala hakunipiga. Alienda kuutazama mzinga. Nyuki walikuwa wamehama, na ukame wa mwaka ule haukuleta kundi lingine. Mvua iliporudi, aliutia alama ule mzinga mdogo, akampa Kioko.

Kwa miaka mingi nilimchukia Kioko. Nilijiona nimesalitiwa, na kweli alinisaliti. Lakini yeye hakuwa ameaminiwa siri yoyote. Aliyeaminiwa nilikuwa mimi, na hilo nimelielewa mvi zikiwa zimenijaa. Baba mdogo aliishi muda mrefu baada ya hapo. Tulisalimiana kila Jumapili kwa adabu, lakini hakunipeleka porini tena hata siku moja. Nilimpoteza akiwa bado hai, na akafa kabla sijamwomba msamaha.