Wimbo wa Bi Funguo

Kwa miaka ishirini na miwili fundi cherehani huyu hakuimba hata bafuni. Watu walidhani hana sauti. Wangejua! Usichanani alijiita Chiriku, na yeye na wenzake watatu walirekodi kaseti moja katika chumba cha nyuma cha kinyozi, kwa gitaa na debe. Wimbo mmoja ulimhusu jirani aliyefungia sukari sandukuni na kulala na ufunguo shingoni. Mtaa mzima walimwita Bi Funguo. Chiriku alitumwa kwake kuazima sukari, akarudi na kikombe kitupu, basi hasira zake akazimalizia kwenye beti nne.

Mwaka uliofuata ikaja posa. Nani mleta posa? Bi Funguo, kwa ajili ya mwanawe! Na kijana mwenyewe alipendeza, afanyeje mtoto wa watu? Akaolewa, akafunga mdomo. Nyumba ilikuwa ya mama mkwe kuanzia msingi hadi bati, na mke wa shemeji mkubwa alifukuzwa humo kwa neno moja tu juu ya mchuzi kukosa chumvi. Wiki haikuisha, virago vyake vilikuwa nje.

Ujana moshi, ukienda haurudi. Kaseti ilirudi.

Ililetwa na binti yake wa kumzaa. Huyu binti ana ugonjwa wake: kutafuta mtandaoni nyimbo ambazo hakuna anayezisikiliza. Wimbo wa watu milioni hautaki. Anautaka wa watu tisa, yeye awe wa kumi. Mchana mmoja fundi alikuwa akishona sare za shule, mama mkwe kanyoosha miguu mkekani, binti akaruka na simu mkononi.

"Mama, sikiliza! Watu kumi na mmoja tu dunia nzima! Kuna mtu kaikuta kaseti kwenye mitumba, akaiweka mtandaoni. Mwimbaji anaitwa Chiriku."

Debe likalia. Fundi akalitambua. Mguu uliendelea kukanyaga pedali wenyewe, akashona mkono wa shati ukaziba kabisa.

"Zima, unanipigia kelele."

"Kelele? Mama, wewe nawe!"

"Uache wimbo uendelee," alisema mama mkwe.

Sauti ya fundi mwenyewe, changa, haina adabu, ikajaa chumbani: *Ufunguo shingoni, sukari kifungoni.* Binti akaangua kicheko. "Bibi, mbona kama wewe!"

Loo! Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze. Aliiona cherehani yake juu ya mkokoteni, godoro limekunjwa, majirani wamejaa madirishani. Miaka yote hiyo ya kunyamaza, na aliyemchoma ni mwanawe mwenyewe, tena huku anacheka.

Wimbo ukaisha. Mama mkwe akamtuma mjukuu dukani akalete sabuni. Mlango ulipofungwa akasema, "Njoo hapa, Chiriku."

Fundi alisogea mkekani. "Mama, nisamehe, nilikuwa mtoto..."

"Nani kakuomba msamaha? Kaseti ile kinyozi aliipiga wiki mbili, nikamfuata. Alikutaja kabla sijafungua kinywa."

"Ulijua? Halafu ukaniposa?"

"Tena mwanangu alikuwa na wengine wawili machoni. Nikamwambia, yule anayeimba." Bibi aliushika ufunguo, ule ule. "Mtaa mzima walinichekea usoni, wakanisengenya nikigeuka. Wewe ulipaza sauti, na kila neno lilikuwa kweli. Nikasema, huyu haniogopi, huyu nitazeeka naye. Kumbe nimejiletea bubu. Ndiyo mama, sawa mama, miaka ishirini na miwili!"

Fundi alilia. Hakujua analilia nini, woga au miaka.

"Lakini mke wa shemeji ulimfukuza kwa chumvi!" ikamtoka.

"Yule alikwenda kumwambia jirani. Mimi hakuniambia."

Fundi akafuta uso kwa kipande cha kitambaa cha sare.

"Mama, mchuzi wako wa jana ulikuwa chumvi tupu."

"Karibu nyumbani, mwanangu," alisema Bi Funguo. "Umechelewa sana."