Mvuvi Aliyefuata Kompyuta ya Binti Yake

Miaka ile biashara ilipofunguliwa na mitumba kujaa kila soko, shule yetu, nje kidogo ya Butiama, ililetewa kompyuta zilizotumika na wahisani wa kanisa. Mkuu wa shule alifurahi kupita kiasi. Akawatangazia wazazi mkutanoni kwamba kila mwanafunzi atapata ya kwake. Mimi, mwalimu wa hesabu, nikakabidhiwa ufunguo wa chumba cha kuzihifadhi.

Tulipofungua maboksi nilichoka. Hazikutosha hata darasa moja. Nguzo za umeme zilikuwa hazijatufikia, na tulipowasha jenereta, umeme ulipanda na kushuka hadi mashine moja ikatoa moshi mbele yetu.

"Mwalimu," mkuu akaniambia akiondoka, "wazazi utawaelewesha wewe."

Wa kwanza kuja alikuwa mvuvi wa Mugango, baba wa binti wa kidato cha pili. Alikuja na baiskeli, mipira ya kufungia mzigo, na blanketi la kuifunikia mashine isipate vumbi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Nimefuata kompyuta ya mtoto."

Nilishaona wazazi wakiwaka kwa jambo dogo kuliko hilo. Nikampa kiti, nikamweleza yote: ni chache, zitabaki shuleni, watoto watakaa watatu kwa mashine moja, na hata hizo zinamngoja fundi wa umeme.

Akaitazama baiskeli yake.

"Kwa hiyo siibebi?"

"Hapana, mzee."

"Hata baadaye?"

"Hata baadaye."

Akashusha pumzi ndefu, kisha akacheka mpaka akashika mbavu. "Mwalimu, tangu ule mkutano silali! Nyumba yangu inavujaga. Nimeshamwambia mama yake tuhamie jikoni, mashine ikae chumbani kwetu. Na wezi je?"

Nikacheka naye, mzigo mzima umenitoka kifuani.

Aliomba walau aione. Nikamfungulia chumba. Akagusa kioo kwa nyuma ya kidole, akaguna, "Hii ingenivunjia baiskeli." Huko Mugango aliwaeleza wenzake mwenyewe, na hakuna mzazi aliyekuja kugomba.

Baadaye fundi alitoka Musoma, akafunga kifaa cha kutuliza umeme. Siku ya somo la kwanza nilisimama mlangoni nikisikiliza jenereta. Ilinguruma bila kupanda wala kushuka mpaka kipindi kikaisha, na watoto wakakataa kutoka.