Jiwe la Volkano Kutoka Mungaa

Nimechoka, ndugu zangu, hata kujitetea siwezi. Mimi ni mwalimu wa jiografia hapa Mandewa. Niliwaahidi wanafunzi kwamba nikienda Ol Doinyo Lengai, mlima wa volkano iliyo hai, nitawaletea jiwe la kileleni. Magoti yaligoma palepale chini. Wenzangu wakapanda, mimi nikalala garini.

Wakati wa kurudi nikapitia kwa mama, kijijini Mungaa. Uani nikaona mafiga yake matatu, meusi tii kwa masizi. Tangu nimnunulie jiko la gesi nilidhani hayana kazi. Nikatia moja begini.

Jumatatu nikaliweka mezani darasani. "Hili limetoka tumboni mwa dunia. Lishikeni kwa heshima!" Wakalishika kwa zamu, vidole vikawa vyeusi.

Mlango ukagongwa. Alikuwa mama, ametoka kliniki.

"Shikamoo, mama," nikasema kwa sauti ndogo.

"Marahaba, mwanangu. Nimepita tu kukusalimia..." Macho yake yakatua mezani. "Kumbe figa langu unalo wewe! Siku mbili sijasonga ugali, na jirani nimeshamtukana bure!"