Mstari wa Kura Ulioharibiwa na Adabu

Sisi tuliokulia Ng'ambo ya Tabora, Mwingereza akiwa bado anapandisha bendera yake bomani kila asubuhi, tulijua kupisha kabla hatujajua kusoma. Ukimwona mtu mzima anakuja, unashuka njiani, unaingia kwenye majani hata kama yana siafu, unasema shikamoo, unangoja. Wengine marahaba zao zilikuwa ndefu kama treni ya Kigoma. Atakuuliza habari za baba, za mama, za kuku, na siafu wanazidi kupanda tu. Ukijikuna kabla hajamaliza, habari zitafika nyumbani kabla yako. Leo kijana anakurushia "mambo" huku macho yake yakiwa kwenye simu, na ukimkazia jicho anakuuliza kama umepotea njia.

Haya nayasema kwa haki. Mimi Kalunde, binti wa fundi seremala, niliyekwenda shule na gauni moja lililofuliwa jioni na kuvaliwa asubuhi, nimesoma mpaka Uingereza nikarudi na stashahada ya utawala. Ipo ukutani kwangu Isevya, katika nyumba niliyoijenga bila kuachiwa hata tofali moja. Huko tulifundishwa mambo ya uchaguzi muhula mzima, kwa chati na michoro. Hakuna mwalimu aliyenionyesha uchaguzi wa kuupita ule nilioushuhudia nikiwa na miaka tisa, nimekaa juu ya rundo la mbao za Baba, natafuna matobolwa, vile viazi vitamu vya kukaushwa, yaliyonigandia menoni.

Jambo lenyewe lilikuwa maji. Boma lilikuwa limeahidi bomba moja, moja tu, kwa Ng'ambo nzima, na jumbe wa mtaa ndiye angeonyesha mahali pa kulisimamisha. Jumbe wa zamani alikuwa amefariki, na Bwana Shauri, Mwingereza wa boma, akaamua kwamba safari hii watu wachague wenyewe. Wakajitokeza wawili. Mzee Rajabu, mfanyabiashara wa asali na nta, alilitaka bomba mbele ya duka lake, ambako tayari kulikuwa na kisima. Baba yangu, Fundi Masanja, alilitaka upande wetu wa juu, ambako wanawake walishuka bondeni na ndoo alfajiri na kupanda nazo jua likiwa kali. Mimi mwenyewe nilikuwa na kipara kidogo utosini kwa ajili ya ndoo, na Bibi Nyamizi, mama yake mama, alikuwa na magoti yaliyolia kama bawaba za mlango.

Baba alipendwa. Aliyefiwa hakununua jeneza, fundi Masanja alimchongea bure, hata watani wake wakasema anajitafutia kura za marehemu. Mwenyewe alikuwa na hakika ya ushindi kiasi kwamba alishapima kwa hatua zake pale bomba litakaposimama, akapigilia kigingi.

Siku ilipofika tukajaa uwanjani, wanawake na vikapu vya karanga, watoto kila mahali. Karani wa boma, kijana wa kaptula nyeupe iliyopigwa pasi mpaka inakata, akasoma sheria. Kila mwenye nyumba asimame nyuma ya mtu wake. Mistari ikishatulia itahesabiwa, na atakayekuwa mbele ya mstari mrefu ndiye jumbe. Sheria nyepesi, aliyeitunga hakuwa na mama mkwe Mnyamwezi.

Maana kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani. Wakikutana njiani mmoja ataingia kichakani na kugeuza uso. Baba alikuwa ameoa miaka mingi, nyumba ya Bibi ilikuwa ya tatu kutoka kwetu, na nadhani angeulizwa mkwe wake anafananaje, angeeleza kanga tu.

Mstari wa Baba ukawa mrefu, ukauacha mbali wa Mzee Rajabu. Ndipo akafika Bibi Nyamizi na fimbo yake. Alikuwa mjane mwenye nyumba yake mwenyewe, kwa hiyo kura alikuwa nayo, na bomba alilitaka kuliko yeyote. Kwa busara zake akasimama mkiani kabisa, mbali na mkwewe. Kama wangemwacha hapo, Baba angekuwa jumbe kabla ya chakula cha mchana.

Lakini wa mbele yake akageuka, akamwona. "Aa, Bibi! Usimame nyuma yangu, mimi niliyezaliwa juzi? Pita."

"Niache hapa hapa, mwanangu. Pananitosha."

"Hapana, Bibi, watanisema."

Akapishwa. Aliyefuata naye akageuka. "Mwangaluka, mayo. Pita mbele." Naye akamwamkia hivyo kwa Kinyamwezi, akampisha, na wa mbele yake vivyo hivyo, kila mmoja akiona aibu kuzidiwa adabu na mwenzake. Bibi akawa anasogezwa mbele kama mzigo wa msafara, bega hadi bega, huku akipinga, mpaka akajikuta nyuma ya mgongo wa Baba. Akafanya linalompasa mkwe. Akakohoa.

Baba alikijua kikohozi kile. Aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto, akajifunika uso kwa kofia, akakimbia mpaka nyuma ya ukuta wa jirani. Bibi naye akavuta kanga usoni, akabaki amesimama pale pale.

Upande wa Mzee Rajabu ulipasuka kwa kicheko. "Fundi! Kura zinakufukuza?"

"Mpeni nauli, huyo anakwenda Urambo!"

Karani akauliza mgombea yuko wapi. Athumani kinyozi akajaribu kuokoa mambo. "Bibi, labda ungerudi nyuma kidogo tu..."

Nusu ya mstari ikamgeukia. "Athumani! Mama yako ungemwambia hivyo?"

Bibi akasema ndani ya kanga, "Mmenipandisha wenyewe, sasa mnanishusha? Magoti haya hayana njia ya kurudi."

Mstari ukaanza kulegea. Watu watatu walishatoka, na Mzee Rajabu akawafungulia mikono. "Karibuni, wanangu. Huku hakuna mkwe." Nikamtazama Baba nyuma ya ukuta. Angeweza kuwaita waanze mstari mwingine kwake, lakini hapo angekuwa amemwacha mama mzima peke yake uwanjani, anachekwa. Na wakitawanyika, bomba linakwenda dukani. Nilimwona akiivua kofia, akiigeuzageuza mikononi. Kisha akapaza sauti, bila kuchungulia:

"Msivunje mstari! Kaeni hapo hapo na mama!"

Wale watatu wakarudi. Karani akahesabu, akafika mbele, akabaki na kalamu hewani. "Lakini huyu ni mwanamke."

Mzee mmoja wa mstarini akamjibu, "Watemi wanawake tulikuwa nao kabla bwana wako hajazaliwa. Wewe andika."

Akaandika. Bwana Shauri, waliosimama karibu walisema, alicheka mpaka miwani ikamtoka, kisha akatia sahihi. Hivyo ndivyo Bibi Nyamizi alivyokuwa jumbe wetu, na Baba hakuhudhuria baraza hata moja, maana hawezi kukaa mbele ya mkwe.

Bomba lilisimama pale alipopigilia kigingi. Siku ya kulifungua, jumbe ndiye anayekunywa kwanza. Bibi akafika, akaligusa, akasema, "Mwambieni fundi aje. Aliyelitaka ndiye aanze." Halafu akageuka, akampa bomba mgongo. Mama akageuka. Wanawake wote wakageuka, kisha wanaume, na Mzee Rajabu naye, mtaa mzima ukiangalia upande mwingine ili mtu mmoja anywe maji kwa heshima yake. Niliyageuza macho kwenye nyumba za mbali, lakini niliyasikia maji yakianguka mikononi mwa Baba, na nilimsikia akimeza.

Tangu nirudi nimealikwa kwenye ufunguzi wa mabomba mengi, nakaa kiti cha mbele kwa ajili ya cheti changu. Kiongozi hukata utepe, hukinga mikono, hunywa huku akitafuta kamera iko wapi, na watu wanasukumana nyuma yake wapate kuonekana. Wananywa vizuri, sikatai. Sijaona bado aliyeshinda akiuliza aliyeshindwa yuko wapi.