Swichi ya Osiloskopu ya Shangazi

Ilianza Ijumaa ya kwanza ya likizo ya Agosti, mwaka 2004, saa nane na nusu mchana, katika duka la shangazi yangu la kutengeneza redio, pale Matisi, mjini Kitale. Nilikuwa kidato cha pili, nimetoka kwetu Bungoma, na hata kusalimia wateja kulinishinda.

Shangazi alikuwa na osiloskopu kuukuu, mashine ya kupimia umeme yenye kioo kidogo kinachochora mstari wa kijani. Siku hizo mstari ulirukaruka kama panzi, na ukigusa swichi ya kuzungusha, unapotea kabisa. Alikuwa ameshamwambia mnunuzi wa vyuma chakavu kutoka Chwele aje kuichukua kesho yake. Mimi niliipenda ile mashine kuliko kitu chochote Kitale. Nikamwomba, kwa sauti ndogo, tuijaribu mara ya mwisho.

"Haya. Lakini ikikataa, inaenda."

Ilikuwa imechomolewa kwenye umeme tangu jana yake. Tukafungua kifuniko. Vibati vya ndani ya swichi, pale vinapogusana, vilikuwa vyeusi kama sufuria ya maharagwe. Nikachukua msasa.

"Wewe! Unataka kuichuna ngozi? Hiyo fedha iliyopakwa juu ni nyembamba, bana."

Akanikatia kipande cha bahasha ya sadaka, zile za kaki zilizobaki kanisani, kwa sababu karatasi yake ni ngumu na haiachi nyuzi. Nikailowesha spiriti, nikaipitisha katikati ya vibati, nikavuta polepole. Ikatoka na weusi.

Jirani muuza mitumba akachungulia. "Mama, ati siku hizi mnatolea mashine sadaka?"

"Si hata yenyewe inataka kuokoka!"

Nilicheka mpaka karatasi ikaniponyoka. Nyumbani, nikichelewa kidogo na kazi, mtu huninyang'anya akaimalizia. Shangazi alishika tochi tu, akaningoja. Namshukuru mpaka leo.

Spiriti ilipokauka, nikazungusha swichi huku na huku, tukawasha. Mstari ukatulia tuli.

"Eh! Basi yule mtu utamwambia mwenyewe," akasema shangazi.

Usiku huo nilirudiarudia kimoyomoyo nitakachomwambia.

Asubuhi mnunuzi akaegesha pikapu mlangoni. "Niaje, msichana. Hiyo maiti iko wapi?"

Shangazi alikuwa jikoni nyuma, na najua alisikia. Nikawasha mashine, nikaigeuza imwangalie. "Haiendi popote," nikasema, kwa sauti kubwa kuliko nilivyopanga. Kisha nikamkaribisha chai.